Nimekatwa 20% kwenye apu ya majani, nani keshapitia hii?

Hemedi, Githurai 44. Jumatatu usiku

Habari zenu Watanzania wenzangu wa Nairobi, shikamooni wakubwa, poleni na mvua. Naomba msaada na naomba mtu anijibu kitu chenyewe jamani msinipeleke mbali.

Mnajua mimi nakata majani (hawa wenyeji wanasema nyasi) kupitia ile apu ya kuita mafundi, huu mwaka wa tatu. Mashine ninazo zangu mbili, ya kusukuma na ya begani, njia zangu ni Runda, Nyari na Kitisuru. Robo eka mteja analipa 2,000, apu inakula 300 yake, hio hainiumi nishazoea. Kwenye ile 1,700 iliyobaki walikuwa wanakata kodi ya zuio 5%, yaani 85, maisha yanaenda. Sasa kitambulisho changu cha mgeni kiliisha muda Februari, nimeshaomba kingine ila nina risiti tu mkononi. Apu ikasema pakia kitambulisho kipya, mi nikapakia risiti kwa sababu ndo nilichonacho. Wiki hiohio naona nimekatwa 340. Nikasema makosa haya. Kesho yake 340 tena. Kufungua wasifu wangu wameandika SI MKAAZI.

Nimepiga hesabu, kila kazi wananichukulia 255 zaidi ya zamani na mwezi huu nimefanya kazi 61, maana mvua ikinyesha hivi majani hayalali. Hio ni 15,555, ni kodi ya chumba changu miezi miwili na chenji ya mafuta ya mashine.

Apu nimewaandikia mara nne, jibu ni lilelile la mashine, "tunafuata sheria, wasiliana na ofisi husika". Haya nikaenda ofisi husika, nimepanga foleni toka saa moja asubuhi, dada wa dirishani kaitazama risiti kasema hili si letu nenda kule kwenye vitambulisho. Kule nako wakasema kitambulisho kikitoka utapigiwa, mambo ya makato sisi hatuyajui.

Swali: ili apu wanirudishe kuwa mkaazi wanataka karatasi gani HASA? Na hizi zilizokwisha kukatwa zinarudi au ndo zimekwenda na maji?

Mama Zuhura, Eastleigh. Jumatatu usiku

Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza hio risiti kaipige fotokopi kesho asubuhi kabla hujanywa chai. Mimi ya 2019 nilikaa nayo miezi saba, naitia kwenye pochi na pochi naifunga kwenye kanga, siku wameniita naitoa nyeupe kama karatasi ya kufungia maandazi, zile risiti za joto wino wake unakimbia. Yule kijana wa dawati kainyanyua dirishani kwenye mwanga, kaigeuza, kaigeuza tena, kaniuliza mama hii ni nini. Nikamwambia baba hio ni miezi yangu saba. Alicheka lakini hakunisaidia, nilianza upya na picha mpya na alama za vidole upya.

Juma, Zimmerman. Jumanne asubuhi

Kaka Hemedi mbona unajitesa, achana na apu. Mimi wateja wangu wote nimewatoa kwenye apu, ukimaliza kazi unamwambia madam namba yangu hii, nakupunguzia 200, kwisha. Kuna ofisi moja Industrial Area nakata uwanja wao wananikata 3% tu sio hizo 20 zako. Na pia ungejisajili TOT, ile kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo, unalipa 1% yako umemaliza na dunia.

Neema, Ruaka. Jumanne mchana

Juma naomba usiwape watu ushauri wa kodi ukiwa juu ya boda. TOT sio 1%, hio ilikuwa wakati wa korona, tangu Julai 2023 ni 3%, na ni kwa mwenye mauzo ya zaidi ya milioni moja mpaka milioni 25 kwa mwaka, ritani unapeleka kila mwezi kabla ya tarehe 20. Na hio 3% yako ya Industrial Area ni zuio la kazi za kontrakti, inaanza malipo yakifika 24,000 kwa mwezi. Hemedi yeye analipwa na jukwaa la mtandaoni. Sheria ilibadilishwa Desemba 2024, mwenye jukwaa anakata 5% kwa mkaazi na 20% kwa asiye mkaazi. Kwa hio apu hawakuitoa hio namba hewani, wamekukosea KUNDI.

Na hapa ndo watu wengi wanachanganya, sijui nimeandika mara ngapi kwenye hii listi. Ukaazi wa kodi SIO ukaazi wa uhamiaji. Kitambulisho cha mgeni kikiisha muda haimaanishi umeacha kuwa mkaazi wa kodi. Kodi wanahesabu siku. Kama una nyumba ya kudumu hapa, ukiwepo hata siku moja kwenye mwaka wewe ni mkaazi. Kama huna, uwe umekaa siku 183 mwaka huo, au wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Basi. Hakuna mahali pameandikwa kadi.

Hemedi ingia iTax, ule mtandao wa kodi wa huku, utoe vyeti vyako vya zuio uone vimeandikwaje. Maana 5% ya mkaazi unaidai kwenye ritani ya tarehe 30 Juni, inapunguza kodi yako. 20% ya asiye mkaazi inahesabiwa kodi ya mwisho, hio ndo shughuli.

Juma, Zimmerman. Jumanne mchana

Dada Neema hata salamu hakuna. Sawa 3% nimekubali. Lakini si anatakiwa anunue na ile mashine ya risiti ndo wamtambue?

Neema, Ruaka. Jumanne mchana

Salama Juma. Ile ni EFD, iko kwetu Tanzania. Huku ni eTIMS, mfumo wa ankara za kodi, na huhitaji kununua mashine, hata kwa simu unapiga *222# unatoa ankara. Na huku namba ya mlipakodi ni PIN sio TIN, nasema mapema kabla hujaandika.

Mzee Kimweri, South B. Jumanne jioni

Vijana, salaam. Nimeishi mji huu tangu 1998 na nasikitika kuona bado tunajadili risiti na foleni wakati Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilisainiwa Novemba 2009 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 2010. Uhuru wa watu kusafiri, wa wafanyakazi, wa huduma, haki ya kuishi, yote yamo mle. Hemedi hatakiwi kuitwa mgeni kabisa. Mimi nikiwa dirishani huwa natoa nakala yangu ya itifaki nawasomea.

Ila na wewe Hemedi hujasema unakaa hapa kwa kibali gani. Hilo ndilo la kwanza. Kama ni klasi G, kile kibali cha wafanyabiashara, ile inataka mtaji wa dola 100,000, sijui kwa mashine mbili za majani utazifikishaje.

Mangi, Umoja. Jumanne jioni

Mzee shikamoo, na itifaki uliyoitaja ni nzuri sana kwenye makaratasi. Lakini tuseme ukweli, nani alianza? Julai 2025 serikali yetu imetoa amri wageni wasifanye biashara ndogo, pesa za simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii, mpaka usafi wa nyumba na maofisi. Wakenya waliokuwa Arusha na Dar wakaambiwa leseni hazihuishwi. Halafu sisi huku tunataka Hemedi akate majani ya watu kwa amani na aitwe ndugu. Wiki ile keateka wangu, msimamizi wa nyumba, alinisalimia "habari ya mgeni", miaka yote alikuwa ananiita Mangi.

Mzee Kimweri, South B. Jumanne jioni

Marahaba. Serikali ina haki ya kulinda wananchi wake wa kipato cha chini. Usichanganye mambo.

Mangi, Umoja. Jumanne usiku

Sasa mzee si umetoka kusema neno mgeni halitakiwi kabisa?? Linafutwa Nairobi tu, Dar linabaki?

Mama Zuhura, Eastleigh. Jumanne usiku

Jamani jamani. Mtoto kauliza pesa yake mnamjibu marais. Hemedi umekula?

Hemedi, Githurai 44. Jumatano usiku

Nimekula mama, ugali na sukuma kama kawaida, asante kwa kuuliza.

Mzee Kimweri shikamoo, kibali changu ni cha mke, mke wangu mtu wa Murang'a, kipo hai mpaka mwakani na hakina tatizo. Kaka Juma hio ya kumpa madam namba niliijaribu mwaka jana na mteja mmoja akaniripoti, nikafungiwa wiki mbili msimu wa mvua, siwezi tena. Na lazima niseme apu kuna siku inanisaidia. Leo nimeenda nyumba moja Runda, ile mijani ya Kikuyu imekaa wiki tatu na mvua hii, imefika gotini na chini imejisuka kama mkeka. Nikapitisha ya begani kwanza nipunguze urefu ndo nisukume, hata hivyo kila hatua kumi mashine inakabwa, nazima, nageuza, natoa donge kwa kijiti. Madam kasimama verandani ananiambia niishushe zaidi ili asiniite haraka. Nikamwambia madam hii ukiinyoa mpaka kwenye shina inabaki kahawia, hautaipenda. Kasema si mimi nalipa? Nikashusha. Jioni kanipa nyota mbili, "lawn imekuwa kahawia". Bahati apu ina picha za kabla na baada na nilikuwa nimerekodi sauti yake, wamezifuta zile nyota. Kwa hio hawa watu wanaweza kusikiliza wakitaka, ndo mana nauliza karatasi gani.

Dada Neema asante sana. Siku nimezihesabu usiku huu nimetandaza paspoti mbili kitandani. Ya zamani muhuri wa Horohoro umepigwa juu ya muhuri mwingine hausomeki, kuna safari mbili nilikwenda kwa hati ya dharura na ile karatasi sinayo tena. Mwaka jana nilitoka mara mbili tu, Idd siku tisa na msiba wa baba mkubwa Muheza siku kumi na nne. Kwa hio siku 183 ninazo na zinabaki. Ila nampelekea nani hesabu hii? Apu hakuna sehemu ya kuandika siku, kuna kitufe cha kupakia kitambulisho peke yake.

Juma, Zimmerman. Jumatano usiku

Muheza!! Machungwa ya Muheza na huku nanunua moja kwa bei ya tatu na ni kali kama limau. Kaka hio Kikuyu usiwahi kuikata ikiwa imelowa, subiri saa tano umande utoke, na kisu ukinoe kila baada ya nyumba nne tano. Mimi napenda wateja wenye Pemba grass, ile ya jani pana, inatulia, unapita mara moja.

Mama Zuhura, Eastleigh. Jumatano usiku

Pemba? Majani yetu ya Pemba ndo yanapandwa Runda? Hebu niambie Juma ni yale yanaota pwani chini ya minazi, manene, ukitembea peku yanakubonyea? Mimi kwetu Wete. Yale sisi mbuzi wanakula bure, hakuna mtu aliyewahi kuyalipia hata senti.

Juma, Zimmerman. Jumatano usiku

Ndo yenyewe mama. Hapa yanauzwa kwa gunia, vipande vya kupanda.

Mama Zuhura, Eastleigh. Jumatano usiku

Subhanallah. Majani yamepata makazi Runda na mimi bado nina risiti.

Neema, Ruaka. Alhamisi asubuhi

Hemedi bado sijaona vyeti vya zuio. Nikishaona vimeandikwaje ndo nitajua kama unaanzia kwa apu wasahihishe au unaanzia kwenye ritani. Kuna mteja wangu mmoja Mganda anaendesha pikipiki za chakula alikatwa hivihivi, yeye alipeleka mkataba wa nyumba na barua ya chifu na apu yake wakakubali, lakini ni apu nyingine na watu wengine, usije kunishika shati. Na tafadhali mnaponijibu msibadilishe kichwa cha habari, nimefungua barua pepe kumi na moja nikitafuta vyeti nakutana na mbuzi.

Mzee Kimweri, South B. Alhamisi asubuhi

Barua ya chifu haina msingi wowote katika Itifaki.

Hemedi, Githurai 44. Alhamisi mchana

Dada Neema, iTax imekataa kunifungulia, inasema nihuishe taarifa za kitambulisho kwanza. Kipya sina, kile cha zamani imekikataa. Nipo getini Nyari nasubiri askari afungue, mvua inaanza, nikitoka hapa naenda kwa chifu wa kwetu nione.

Mama Zuhura, Eastleigh. Alhamisi mchana

Funika mashine mwanangu. Na kama kuna mtu anapanda basi la Tanga Jumamosi hii aniambie, nina mzigo mdogo wa kwenda, na wa kurudi namuagizia machungwa.

Juma, Zimmerman. Alhamisi mchana

Mimi naenda mama. Kilo ngapi?