Nyumba ya bei poa bondeni, si mbali na Sebleni: ninunue?

Mwana wa Ng'ambo: Asalaam alaykum. Nimepata nyumba ya vyumba vitatu Ng'ambo, hapa mjini Unguja, bondeni, si mbali na Sebleni. Bei nzuri mpaka inatia shaka. Nimekwenda juzi, jua kali, uani pakavu kabisa. Ila ukuta wa nje umepakwa rangi mpya kuishia magotini, juu yake rangi ya zamani, na mlangoni kuna kizingiti cha matofali mawili. Dalali anasema "maji yanapita tu." Nitahamia na mama, magoti yanamsumbua, na watoto wawili. Nikague nini kabla sijatoa hela?

Fundi Wete: Yanapita kwenda wapi? Rangi hiyo imeficha alama ya maji, ndugu yangu. Sogeza kabati uangalie nyuma yake, hapo hakuna anayehangaika kupaka. Ukiona lipu imevimba na inatoa unga mweupe, onja kwa ncha ya ulimi. Ikiwa chumvi, ama maji ya chini yanapanda ukutani, ama walijengea mchanga wa pwani, na nondo zinaliwa na kutu huku wewe unasifia dari.

Mtu wa Bamvu: Umekwenda siku siyo. Nenda siku ya bamvu, mwezi mpevu au mwandamo, kwenye saa 10 jioni maji yamejaa. Bahari yetu siku hizo hupanda na kushuka karibu mita 4, na mitaro ya mjini inamwaga huko huko. Mvua ya masika ikikutana na bamvu, mtaro hauna pa kumwaga. Machi na Aprili ndio balaa, bamvu kubwa na masika yanapokutana. Na tusiwacheke wa bondeni peke yao: Darajani palikuwa na daraja kweli, juu ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Tukaufukia, tukajenga.

Binti Chumbuni: Mie nimekaa bondeni miaka sita. Maji ya mvua niliyazoea, lililonishinda ni karo, shimo la maji machafu ya choo. Usiku mmoja la jirani lilifumuka, na kisima chetu kiko hatua kumi tu. Tulichemsha hata maji ya kusukutua. Kwa hiyo uliza karo liko wapi na kisima kiko wapi, lakini si kwa dalali. Muulize mwenye duka la kona, kisha sheha, kiongozi wa mtaa, akwambie masika yaliyopita nani walihama. Na mama je? Saa nane za usiku maji yakiingia, nani atambeba? Jirani zetu walikuwa vijana watupu, maji yale yale, wao walipandisha godoro juu ya meza wakalala.

Mpemba Halisi: Kisiwa Panza bahari imeshaingia mashambani, muulize mtu yeyote wa kusini Pemba. Kama nyumba ina kisima, onja maji yake siku ya bamvu, uonje tena siku ya maji mafu, bahari isipopanda sana. Ladha ikibadilika, bahari imo chini ya sebule.

Mwana wa Ng'ambo: Ahsanteni sana. Mwenye duka kanionesha friji lake, limekaa juu ya matofali manne. Mwezi ukipevuka narudi na chupa ya kuchotea maji. Nimemwambia dalali tukutane saa 10 jioni, tangu hapo hapokei simu.