Nyumba yenye punda, ng'ombe, mbwa, paka na kuku: dawa ya kupe na chakula nitenganishe vipi?

MwanaKaratu

Wakuu, habari za leo. Nina shamba la ekari mbili nje kidogo ya mji wa Karatu. Pale nyumbani kuna punda jike wawili wa kuteka maji, ng'ombe mmoja wa maziwa, mbwa wawili (mmoja ni chotara wa German shepherd), paka watatu wanaolinda stoo, na kuku hamsini hivi. Wanaoshinda na wanyama hawa ni watoto, wa miaka 7 na 11. Naombeni msaada kwa haya:

Ng'ombe tunampulizia dawa ya kupe kila wiki. Kopo limeandikwa Amitraz 12.5%, tunachanganya mililita 2 kwa lita moja ya maji. Ile inayobaki kwenye bomba naweza kuwamalizia punda na mbwa?

Punda wamekonda kiangazi hiki, mbavu zinahesabika. Kuna nusu gunia ya chakula cha vifaranga iliyobaki, na madebe mawili ya mahindi yaliyonyeshewa, yana ukungu kidogo. Nawapa kipi?

Dawa ya minyoo ya punda, kipimo chake kikoje? Na la mwisho, watoto wanaomba farasi. Inawezekana kumweka pamoja na punda?

Josho

Mkuu, leo hii hii uwaambie wote wanaoshika bomba hapo nyumbani: punda wasipuliziwe dawa hiyo, hata tone. Amitrazi inamfaa ng'ombe, lakini kwa punda na farasi inazubaisha utumbo. Utumbo mpana unaacha kusukuma chakula, kinarundikana na kukauka ndani. Dalili hazitokei papo hapo, mara nyingi ni baada ya siku moja au mbili: punda anazubaa, kichwa chini, mavi yanapungua kisha yanakoma, anaangalia ubavu wake au analala na kuamka. Kwa sababu zimepita siku, watu hawakumbuki kuhusisha na dawa.

Akishapuliziwa kwa bahati mbaya, muogeshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke kivulini, maji ya kunywa yawepo, na daktari wa mifugo aitwe bila kusubiri tumbo lianze. Mwambie jina la kiambato, si rangi ya kopo.

Paka nao amitrazi si yao. Kwa mbwa hali ni tofauti kidogo, kwani kuna dawa za ukurutu za mbwa zenye kiambato hiki. Ila mabaki ya bomba la ng'ombe usimpulizie. Mbwa anajilamba, na akiimeza analegea, mapigo ya moyo yanashuka, mwili unapoa. Mtoto wa mbwa chini ya miezi minne asiguswe nayo kabisa. Na mchanganyiko uliolala usitumiwe tena kwa mnyama yeyote. Changanya ya kukutosha siku hiyo.

Kwa kupe wa punda, nenda duka la dawa za mifugo uulize dawa ya jamii ya pairetroidi ambayo lebo yake inataja farasi au punda. Bomba liwe lingine. Kama ni lile lile, lioshe mara tatu na upulizie maji matupu kwanza ili mpira na pua yake visafike, maana mabaki hukaa humo. Kwa punda wawili lakini, kazi kubwa inafanywa na vidole: kagua ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya mapaja na kwenye singa za shingo kila jioni. Kupe mkamate karibu na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja, kisha mtumbukize kwenye chupa yenye spiriti.

Nyikani

Josho amemaliza upande wa dawa. Mimi nije kwenye chakula, maana hapo kuna vitu viwili na vyote vinaua.

Chakula cha vifaranga na cha kuku wa nyama mara nyingi huwekwa dawa ya kuzuia koksidiosisi (ugonjwa wa kuhara damu wa kuku), na mojawapo ni monensini. Kuku anaihimili vizuri. Kipimo kinachoua nusu ya kuku ni karibu miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Kwa farasi ni miligramu 2 hadi 3 tu. Punda wahesabu kundi la farasi. Inashambulia misuli ya moyo: mnyama anatoka jasho, anahema, miguu ya nyuma inalegea, anaanguka. Dawa ya kuitibu haipo, na anayepona anaweza kubaki na moyo mbovu akafa baadaye akiwa kazini. Jamii hii ina majina kadhaa (monensini, salinomaisini, lasalosidi) na mifuko mingine haiandiki chochote. Kwa hiyo kanuni ya nyumbani iwe hivi: chakula cha kuku hakiingii kwenye hori la punda, cha vifaranga wala cha mayai, na koleo la kuchotea liwe tofauti. Banda la kuku lifungwe kwa komeo, si kamba, kwa sababu punda anafungua kamba kwa midomo.

Mahindi yenye ukungu ni hatari zaidi kwenu kwa sababu yanaonekana kama hasara ndogo. Kuvu wa Fusari hutoa sumu iitwayo fumonisini, na hakuna mnyama wa nyumbani anayeumizwa nayo kama punda na farasi. Inayeyusha sehemu nyeupe ya ubongo. Punda anaacha kula, anayumba, anazunguka upande mmoja, haoni, anasukuma ukuta kwa paji la uso. Akifika hapo ni siku chache, mara nyingine saa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sumu hujikusanya zaidi kwenye chenga na vumbi linalobaki baada ya kupepeta, yaani hasa kile tunachozoea kumpa punda.

Usihamishie mahindi hayo kwa mbwa kama ugali wa dona. Huko kuna sumukuvu nyingine, aflatoksini, na moto wa jikoni hauiondoi. Mbwa ini lake linaharibika: anatapika, ufizi unakuwa wa manjano, choo kinatoka na damu. Ni sumu hiyo hiyo iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kwa mahindi ya ndani. Yafukie, mbali na kuku.

Sasa wanenepeshe hivi. Pima mzingo wa kifua kwa futi ya fundi cherehani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Punda wa sentimita 115 ana kilo kama 130. Huyo anahitaji si chini ya kilo 2 za malisho makavu kwa siku, na aliyekonda huku anafanya kazi apewe kadiri anavyomaliza. Karatu mnalima ngano. Majani makavu ya ngano ndiyo chakula cha punda hasa, changanya na nyasi kavu na maganda ya maharage. Ongeza mashudu ya alizeti gramu 200 asubuhi na 200 jioni, ukianza na konzi moja na kupandisha kwa siku 7 hadi 10. Jiwe la chumvi, na maji wanywe kabla ya kupakiwa na baada ya kupakuliwa.

Kabla ya kulaumu kiangazi, tazama chini ya hori. Ukiona vitonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu, vimeloa mate, vimeviringana kama kidole gumba, basi shida ni meno. Gego limeota ncha kali inayokata shavu, na punda anatema kila tonge. Hapo hata umpe gunia zima hanenepi mpaka daktari asage meno kwa tupa.

Halafu mizigo. Dumu mbili za lita 20 ni kilo 40, zinatosha kwa punda wa kilo 130. Dumu nne ni kilo 80 na hapo ndipo migongo inapokwisha.

Mama Shamba

Niongezee pale Nyikani alipoishia. Punda akikataa chakula siku nzima, usiseme "amechoka, kesho atakula". Punda asipokula, mwili wake unamwaga mafuta kwenye damu kwa kasi, ini na figo vinaziba. Jike mwenye mimba ndiye yuko hatarini zaidi, na mimba yao ni karibu miezi 12, kwa hiyo unaweza usijue anayo. Mwite daktari siku hiyo hiyo.

Dawa ya minyoo: ile ya kulisha mdomoni ya farasi ina ivamektini, na bomba moja dogo la kuisukumia mdomoni kwa kawaida hutosha mnyama wa kilo 600. Punda wako wa kilo 130 usimpe bomba zima. Sogeza pete hadi alama ya 150. Mdomo uwe mtupu, hana nyasi. Ingiza ncha pembeni, kwenye pengo kati ya meno ya mbele na magego, sukuma juu ya ulimi kuelekea nyuma, kisha mwinue kidevu mpaka umwone amemeza. Sindano ya ivamektini ya ng'ombe usimchome punda. Inaweza kuleta jipu baya mahali ilipoingia.

Na hapa nakuomba umfikirie yule chotara wako. Baadhi ya German shepherd na machotara wao, kama walivyo mbwa wa aina ya koli, wana kasoro ya kurithi inayoruhusu ivamektini kuingia kwenye ubongo. Tone la dawa lililotemwa na punda, au mavi yake ya siku zinazofuata, mbwa anayala. Anatokwa na mate, anayumba, mboni zinapanuka, anapofuka, anazimia. Siku ya kuwapa punda dawa mfungie mbwa, futa kila tone, na kwa siku nne au tano zinazofuata zoa samadi asubuhi na jioni uitie kwenye shimo lenye mfuniko.

Mbwa wenyewe wana minyoo yao, na huko kwenu jirani na Ngorongoro kuna tegu wa mbwa anayeleta uvimbe wa maji kwenye maini na mapafu ya watu. Mkichinja, maini au mapafu yenye malengelenge ya maji yafukiwe kwa kina, mbwa asipewe. Prazikwanteli kila wiki sita, na watoto wanawe mikono baada ya kumshika mbwa hata kama wanaenda kula tunda tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kwa mbwa na paka, kuanzia miezi mitatu, kila mwaka. Punda naye hupata kichaa akiumwa.

Jingine la punda ni lile lililobeba jina lake kabisa: pepopunda. Kidonda cha msumari kwenye kwato kinatosha. Chanjo ni sindano mbili zilizoachana wiki nne hadi sita, kisha marudio atakayopanga daktari. Kidonda cha mgongoni osheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Oili chafu ya gari hapana. Inaunguza nyama, na paka akipita akajipangusa anailamba yote.

MwanaKaratu

Nawashukuru sana, chakula cha vifaranga kimeshatoka stoo. Swali moja: hao paka hulala juu ya soji ya punda (ile ya kumwekea mgongoni chini ya mzigo), ya gunia lililojazwa sufi. Nikipulizia punda pairetroidi, paka watakuwa salama? Na lile la farasi?

Josho

Umeuliza jambo zuri sana. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja permethrini, ambayo ni mojawapo ya pairetroidi, ndiyo maana dawa ya mbwa ya kudondoshea shingoni yenye permethrini inaua paka akipakwa, au hata akilala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa siku hiyo. Ile iliyochujuliwa kwa maji ya kupulizia punda ni nyepesi zaidi, lakini fanya hivi: puliza asubuhi, soji iwe imetundikwa juu ya msumari ukutani, punda akauke kabisa kabla ya kuvishwa, na paka wafungiwe stoo mpaka mchana. Paka akianza kutetemeka masikio na ngozi ya mgongo, muogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunike asipoe, mkimbize kwa daktari. Panadol usimpe kwa shida yoyote ile, hata nusu kidonge humuua.

Soji yenyewe ifungue uitazame. Inatakiwa iwe mito miwili iliyoshonwa pamoja, katikati pakiwa na mfereji ili uti wa mgongo usiguswe. Ukiweka kiganja kwenye mfereji huo baada ya mzigo kupanda, kipite bila kubanwa. Ikiwa gunia ni moja bapa, sufi husogea pembeni na uzito wote unakaa kwenye mfupa.

Nyikani

Farasi, mkuu, kwa sasa achana naye. Ugonjwa wa farasi wa Afrika unaenezwa na visubi, na kati ya farasi wasio na kinga huua wengi kuliko wanaopona. Pundamilia na punda hubeba virusi bila hata kuonekana wagonjwa. Nyie mko ukingoni mwa Ngorongoro na punda wawili mnao, kwa hiyo chanzo kiko zizini. Farasi atahitaji banda lenye wavu wa matundu madogo, aingie kabla jua halijazama na atoke likiwa limeshapanda, msimu wote wa mvua, pamoja na chanjo ambayo daktari wa wilaya athibitishe kwanza kama inapatikana.

Watoto waanze na hao punda. Wote wawili uzito wao punda anaumudu, siku ambayo hakubeba maji. Wafundishwe kumkaribia kwa upande wa bega wakiwa wanaongea, wasipite nyuma karibu, na kamba wasiizungushe mkononi hata mara moja. Waikunje na kushika mikunjo. Kwato zichokonolewe kila siku kuanzia kisigino kwenda kidoleni, fundi azipunguze kila wiki 6 hadi 10. Mbwa wawekwe mbali wakati huo, kwa sababu punda akimwona mbwa nyuma yake hupiga teke bila kuangalia nani ameinama hapo.