Mtoto wa miezi 11 analia mama akiondoka hadi sauti inakauka. Naambiwa nimwache azoee. Naombeni ushauri

Mlezi_Makorora:
Salamu wadau. Mimi ni mlezi kwenye kituo cha kulelea watoto mchana hapa Tanga mjini, huu mwaka wa tatu. Chumba changu ni cha walio chini ya miaka miwili. Tuko walezi wawili, watoto tisa.

Kuna binti nitamwita Mwana, si jina lake. Ana miezi 11, ana wiki tatu kituoni. Mama yake hufika na bajaji saa moja kasorobo, ananikabidhi mlangoni, kisha anangoja mtoto ageuze uso ndipo anatoroka. Mwana akigeuka akakuta mlango mtupu, ni kilio. Juzi alilia hadi saa tatu, akalala na kwikwi. Alipoamka alitazama mlango kwanza.

Uji anakula vijiko viwili anageuza shingo. Nikimfunga mgongoni kwa kanga ananyamaza, ila mwenye kituo amenikataza. Anasema namdekeza, awekwe chini alie, wenzake walizoea. Ni mama mtu mzima, ndiye aliyenifundisha kazi, namheshimu. Lakini yupo wa kiume wa mwaka na nusu, alilia mwezi mzima, siku hizi halii kabisa. Hachezi pia. Anakaa pembeni na kikombe chake cha plastiki, hata mama yake akija jioni hanyanyuki. Ndiko kuzoea huko? Sina raha, nisaidieni.

Baba_Mapacha:
Pole dada. Wangu walilia wiki mbili wakaacha. Vumilia, utoto huo.

Bibi_Ngamiani:
Mwanangu, mtoto hadeki kwa kubebwa. Anadeka kwa kupewa kila anachonyooshea kidole, hilo ni jambo jingine.

Kinachomuumiza huyo ni kule kutorokwa. Mama akitoroka leo, kesho mtoto hathubutu hata kutazama midoli, maana anajua akigeuka tu mtu wake hayupo. Ndiyo maana anauchunga mlango. Mwambie mama aage. Ambusu, amwambie "nakwenda kazini, nitakuja ukiamka usingizi wa mchana," akupe mkononi, aende bila kurudi nyuma. Atalia, naam. Alie akiwa kifuani kwako.

Na alete kanga aliyolala nayo, isifuliwe. Nimelea wajukuu wanne na watoto wa majirani wasio na idadi, harufu ya mama inatuliza kuliko wimbo.

Nesi_Kliniki:
Bibi kasema kweli. Naongeza moja: hiyo kanga aishike akiwa macho, akisinzia iondoe, isije ikamfunika uso.

Mlezi, umri huo ndio wenyewe. Kuanzia kama miezi minane mtoto anajua mama yupo hata asipomwona, lakini hajui kama atarudi. Hofu hiyo hupanda hadi kwenye mwaka na nusu hivi, ndipo inapungua. Si kiburi wala tabia mbaya.

Kuhusu kudekeza: watafiti Silvia Bell na Mary Ainsworth walifuatilia watoto wachanga majumbani huko Baltimore, Marekani, wakatoa matokeo mwaka 1972. Waliokuwa wakijibiwa upesi walipolia miezi ya mwanzo, kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza walikuwa wanalia kidogo kuliko waliokuwa wakiachwa. Ainsworth huyohuyo miaka ya 1954 na 1955 alikuwa vijijini karibu na Kampala, akiwatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao. Aliona mtoto anatambaa mbali kuchezea vitu, anageuka kumtazama mama, anaendelea. Akiwa na mtu wa kumrudia, anathubutu kwenda.

Kwa hiyo gaweni watoto, mmoja wenu watano, mwingine wanne. Mwana apokelewe na wewe, alishwe na wewe, abadilishwe nepi na wewe, kila siku. Si lazima mgongoni kutwa. Kaa chini kwenye mkeka, awe pajani huku wengine wanacheza mbele yako.

Ila mimi anayenitia wasiwasi zaidi ni huyo mwenye kikombe. Anayelia bado anaamini kuna atakayekuja. Ongea na mzazi wake bila kumtisha: je, nyumbani anaitika akiitwa jina? Ananyooshea vitu kidole? Maneno mangapi? Ampeleke kliniki na kadi yake, wamwangalie na masikio. Huku kituoni mpe dakika zako kila siku, wewe na yeye tu.

Mama_Raskazone:
Nilikuwa natoroka hivyohivyo, nikidhani namwepushia uchungu. Kumbe najiepushia wangu. Mdogo wangu, kama mama yake bado ananyonyesha na ameajiriwa, mkumbushe kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha. Kama ofisi yake iko karibu, anaweza kuja mchana.

Mlezi_Makorora:
Shikamoo bibi, ahsanteni wote. Mwenye kituo namwambiaje asione namfundisha kazi?

Bibi_Ngamiani:
Marahaba. Usimbishie mbele ya wenzako. Mfuate jioni watoto wakishachukuliwa, muombe wiki mbili za kujaribu kwa Mwana peke yake. Mtu mzima ukimuomba ni rahisi kukubali, ukimsahihisha atakaza.

Mlezi_Makorora:
MREJESHO. Leo siku ya 12. Mama kubwa amekubali nimbebe Mwana hadi uji wa saa nne tu, baada ya hapo chini. Sawa, nimepokea. Mama yake sasa anaaga, siku ya kwanza alilia yeye pia. Mwana bado analia asubuhi, dakika kumi, kumi na tano, halafu anashuka mwenyewe pajani akiburuta kanga. Jana alimaliza kikombe cha uji.

Wa kiume ana miadi kliniki Jumanne. Nakaa naye kila siku wengine wakilala, simsemeshi sana. Leo alinisukumia kikombe chake kwenye mkeka. Nikamrudishia. Akanisukumia tena, mara nne, na mara ya nne alinitazama usoni.