Mrejesho: majina ya wakulima wa Kalehe yaliyokataliwa

Wandugu wa Bukavu, aksanti kwa majibu. Niliuliza kwa nini wakulima wa Kalehe, hapa Kivu Kusini (Kongo), waliopoteza mashamba kwa mafuriko ya Mei 2023 wako kwenye orodha ya msaada, lakini feza haziingii kwenye simu.

Shida ilikuwa jina. Orodha ilifuata jina la kadi ya mpiga kura, ndiyo kitambulisho chetu, lakini laini ya simu inayopokea feza imesajiliwa kwa jina la mtoto au mume. "Mwamini" na "Muamini": herufi moja tu, malipo yanarudi. Dawa ni laini yenye jina lilelile la kadi, nakala ya kadi, na barua ya chefu wa kijiji inayotaja shamba na zao lililosombwa, kabla orodha haijafungwa. Wajane msiwaandike chini ya shemeji, tafadhali. Kutoa feza kwenye simu: gawaneni siku, msiende wote pamoja, maana wakala wa kijijini huishiwa keshi haraka.