Wazazi wanataka kubandika majina ya wabakaji kwenye geti la shule: naomba ushauri kabla ya kikao

Mzazi_Kampemba
Jambo yenu wote. Kamati ya wazazi ya shule moja hapa Kampemba, Lubumbashi, inataka orodha ya watu "wanaojulikana" kwa kuharibu watoto: jina, picha na avenue (mtaa), ibandikwe getini na isambazwe kwenye WhatsApp. Wanaoitetea wanasema hata Marekani orodha iko wazi kwa kila mtu. Kazi ya kuandika kanuni nimepewa mimi. Je, huko imesaidia? Sheria yetu inaruhusu? Na kama si orodha, ni kitu gani kinamlinda mtoto kweli?

Metre_Ruashi
Ndugu Mzazi, msibandike. Kodi penali, yaani sheria ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 74, inaadhibu anayemtangazia mtu hadharani, kwa nia mbaya, kitendo mahususi cha kumvunjia heshima: siku 8 hadi mwaka 1 gerezani na faini, au moja tu ya adhabu hizo. Na Katiba, kifungu cha 17, inamhesabu mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. "Wanaojulikana" si hukumu.

Halafu mtamtambuaje mtu? Akina Kasongo, Ilunga na Ngoy wako kila avenue. Bila post-nom (jina la pili), prenom (jina la kwanza), tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina moja linawagusa watu wengi wasiohusika, na umati ukishafika na tairi na petroli hausomi post-nom.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi. Mkiandika jina la baba mdogo au la mume wa mama, mmeshamtaja mtoto. Avenue nzima itajua ni nani. Familia ikiliona hilo mara moja, kesi inayofuata itazikwa nyumbani.

Msomaji_Golf
Kuhusu Marekani. California ilianza daftari la waliohukumiwa kwa makosa ya ngono mwaka 1947, lakini lilikuwa la polisi. Kulifungua kwa umma kulishika kasi baada ya Megan Kanka, mtoto wa miaka 7, kuuawa New Jersey mwaka 1994. Sheria ya nchi nzima ikafuata 1996. Tangu 2006 kuna madaraja matatu ya muda wa kukaa kwenye daftari: miaka 15, miaka 25, na maisha.

Matokeo yake yanafundisha. Watafiti Prescott na Rockoff walichapisha uchunguzi mwaka 2011: polisi kujua anwani za waliohukumiwa kulionekana kupunguza makosa, hasa dhidi ya watu walio karibu nao. Kuwatangaza kwa umma kulionekana kuwasukuma waliotangazwa kurudia. Sababu inaeleweka: mtu asiyepata kazi wala nyumba hana cha kupoteza. Kule Miami sheria ya kutokaa karibu na shule iliwafanya makumi ya watu walale chini ya daraja la Julia Tuttle, ambako kuwafuatilia kulikuwa kugumu zaidi. Mwaka 2006, kule Maine, mtu alichukua anwani kutoka orodha ya intaneti akaua wawili. Mmoja wao alikuwa ameandikwa kwa sababu, akiwa na miaka 19, alilala na mpenzi wake aliyekuwa bado hajafikisha 16.

Na orodha inatazama upande usio na hatari kubwa. Takwimu za wizara ya sheria ya Marekani za mwaka 2000 zilionyesha kwamba watoto 93 kati ya 100 waliodhulumiwa walimjua aliyewadhulumu. New York, uchunguzi wa 2008 ulikuta zaidi ya asilimia 95 ya waliokamatwa kwa makosa ya ngono hawakuwa na hukumu ya namna hiyo kabla. Wasingekuwa kwenye orodha yoyote.

Ufaransa ilichagua njia nyingine mwaka 2004: daftari lipo, ila ni la mahakimu, polisi na ofisi zilizotajwa na sheria. Aliyeandikwa akihama ana siku 15 za kutoa taarifa. Afrika Kusini, kwa sheria ya 2007, daftari halibandikwi. Mwajiri wa watu wanaohudumia watoto anatakiwa kuuliza kabla ya kuajiri. Swali "huyu anaweza kufanya kazi na watoto?" linaulizwa na anayehitaji jibu, basi.

Mama_Kamalondo
Nawaheshimu, lakini wazazi wana hasira kwa sababu. Mtu anakamatwa Jumatatu, Ijumaa yuko kwenye avenue. Mnataka wafanye nini, wanyamaze?

Metre_Ruashi
Hapana, mama, wafuatilie. Sheria 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inampa OPJ (afisa wa polisi anayepeleleza kesi) saa 24 kumjulisha mwendesha mashitaka. Uchunguzi wa awali usizidi mwezi mmoja, hukumu itoke ndani ya miezi mitatu. Kuifunga kesi kwa kulipa faini bila kufika mahakamani hakuruhusiwi kwa kosa la ngono. Kubaka mtoto ni miaka 7 hadi 20 kwa sheria ya 2009.

Kesi inafia wapi? Kwenye mapatano: mbuzi, dola, au ndoa ya lazima. Mapatano hayo hayamfungi mikono mwendesha mashitaka, lakini mashahidi wanaacha kufika na faili linalala. Kwa hiyo kamati ichague watu wawili, waombe namba ya RMP (namba ya faili la kesi) parke, yaani ofisi ya mwendesha mashitaka, siku ile ile, wailinde, na warudi kila wiki na barua inayopigwa muhuri wa kupokelewa. Mtu kuachiliwa kwa muda si mwisho wa kesi.

Muuguzi_Katuba
Ongezeni kanuni ya saa 72. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya muda huo, mapema iwezekanavyo, kisha siku 28. Za kuzuia mimba, hadi saa 120. Mtoto asiogeshwe kabla ya daktari. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki inashika unyevu na kuharibu ushahidi. Msisubiri karatasi ya OPJ ndipo mwende hospitali: matibabu kwanza, rekwizisio, yaani hiyo karatasi ya kuomba uchunguzi wa daktari, itafuata.

Prefe_Kenya
Kwa upande wa shule, kila anayeajiriwa, hata mlinzi na dereva, alete kazie ya mahakama (hati ya hukumu alizowahi kupata). Haitoshi, kwa sababu inaonyesha hukumu tu, na hukumu ni chache. Ndiyo maana pigeni simu shule mbili alizotoka na muulize wazi: aliondoka kwa nini? Masomo ya ziada yafanyike darasani, mlango wazi, kamwe si nyumbani kwa mwalimu. Pointi (alama za masomo) zitolewe na mwalimu zaidi ya mmoja; mnajua biashara ya pointi, mwalimu kudai ngono ili atoe alama, inavyowanasa wasichana.

Malalamiko yapokelewe na mtu mmoja aliyechaguliwa, mwanamke ikiwezekana. Aandike maneno ya mtoto yenyewe, tarehe na saa, bila kumuuliza "ni fulani alikugusa?" Mtoto akihojiwa na watu watano, avoka (wakili) wa upande wa pili atatumia tofauti za majibu yake.

Mzazi_Kampemba
Asanteni sana. Na kama mtuhumiwa ni mwanafunzi wa miaka 15?

Metre_Ruashi
Kesi yake inaenda tribinali (mahakama) ya watoto. Jina lake lisiingie grupu yoyote, la aliyedhulumiwa pia. Chini ya miaka 14 sheria haimhesabii hatia kabisa, ila kumtenganisha na aliyeumizwa ni wajibu wa shule, siku hiyo hiyo.