Paka kaleta mtoto wa sungura pori akiwa hai, nifanyeje?

Swali: Wakuu, paka amekuja na mtoto wa sungura pori mdomoni. Macho yamefunguka, damu sioni. Nimpe maziwa?

Jibu: Maziwa usimpe, wala maji kwa bomba la sindano, yakiingia njia ya hewa anakufa. Vaa glavu, mweke kwenye boksi lenye matundu na kitambaa, gizani, mbali na paka. Usimshikeshike, hofu peke yake inaweza kumuua.

Jibu: Kutoona damu kusikupe moyo. Jino la paka huacha kitundu kama cha sindano, manyoya yanakifunika, na bakteria wa Pasteurella wanabaki ndani. Puliza manyoya taratibu uone ngozi, hasa shingoni. Hata usipoona kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Amoksilini ya kumeza usithubutu: huvuruga bakteria wa tumbo la sungura, anaharisha hadi kufa.

Jibu: Kwa atakayekuta kiota chenye wengine wazima: waache humo, funika kwa nyasi zilezile, paka afungiwe ndani. Mama hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kwa hiyo kutomwona hakumaanishi amewatelekeza.