Nataka kampuni ya ukandarasi wa umeme, elimu yangu form four, nianzie wapi?

nyaya_mbagala: Wakuu habari za jioni. Mi fundi umeme nipo Mbagala, nna miaka 25, ujuzi nimeupatia saiti kwa mzee mmoja, darasa la ufundi sijakanyaga. Ndoto yangu niwe na kampuni ipige umeme maghorofa ya Kariakoo na Posta, jana nimemwambia jamaa kacheka mpaka chai ikampalia. Sasa kuchana ukuta, kulaza paipu, kuvuta nyaya niko vizuri kabisa, ila ukinipa ramani ya three phase (umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto) nabaki naikodolea macho, na hesabu za load, yaani mzigo wa umeme wa jengo, mzee anapigaga mwenyewe kwake usiku. Nianzie wapi jamani?

Kipanya TMK: Posta tena 😂😂 anza na banda la shemeji

sanifu_mstaafu: Muache huyo. Nenda chuo cha ufundi VETA Chang'ombe ulizia kurasimisha ujuzi, ipo kwa ajili ya nyie mliojifunzia mtaani, wanakupima ukiwa vizuri unapewa cheti. Ukipata, fuatilia leseni ya ufundi umeme ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, ina madaraja, unaanzia chini unapanda. Kampuni sasa ni CRB, bodi ya kusajili makandarasi, kule wanataka mtu wa ufundi mwenye sifa, kwahiyo ama usome uende mpaka diploma ama umtafute mwenzio aliyesoma. Ila hesabu usisubiri cheti. Chukua nyumba mliyomaliza juzi, orodhesha taa, AC, hita, pampu, kila kimoja wati ngapi, gawa kwa 230 upate ampia, halafu panga mzigo kwenye fezi tatu zikaribiane, mpelekee mzee. Atakusonya ila atasahihisha.

mama_vifaa: Mie nauza vifaa vya umeme Gerezani, mafundi wazuri kazi zinawaponyoka kwenye kotesheni. Mtu anaandika nyuma ya boksi la swichi "nyaya laki tatu". Nyaya gani mwanangu, unene wa mm² 1.5 au 2.5, rola ngapi? Anakuja mwingine na karatasi imechapwa, anabeba kazi na wairingi yake ya hovyo. Jifunze Excel.

Volti Kali: Na ukimaliza kazi usiwashe taa tu ukaomba hela. Pima insulation (ganda la nyaya kama halivujishi umeme) kwa kifaa kinaitwa megger, volti 500, kipimo kisishuke chini ya megaohm 1, andika umkabidhi mwenye nyumba. Mhandisi akiona fundi wa mtaani ana karatasi ya vipimo anaomba namba yako mwenyewe.

nyaya_mbagala: Shukrani sana wakuu, mama nitapita dukani. Megger mpya bei yake si mchezo, kuna anayekodisha huku Mbagala?

Kipanya TMK: Mi ninayo, njoo inbox. Ukinipigia megaohm za uongo nakudai 😂